Mafuta ya Kondoo Kwenye Cheni

13 Januari

Joyness, wewe ni mtoto wa namna gani. Umefika, umeiegemeza baiskeli ukutani na matope yake yote, umeingia ndani kuuliza kuna nini cha kula. Cheni imejaa udongo mpaka meno yake hayaonekani. Kesho utaipanda hivyo hivyo, itakukatikia katikati ya mbuga, halafu utasema Bibi sikujua. Najua unasoma daftari hili nikiwa shambani. Basi soma. Baiskeli ya wakati wa mvua inaoshwa siku hiyo hiyo, kama vyombo.

Mimi naandika kila msimu wa mvua. Nilijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni, na sikujifunza ili nijue kutia sahihi tu. Mwaka huu nina sababu nyingine. Joyness ameingia kidato cha tatu. Mama yake yuko Lamadi anauza samaki, mtoto ameniachia mimi. Shule iko ng'ambo ya mbuga, na mbuga ikinyeshewa ni udongo mweusi unaoshika mguu usiachie. Katikati hakuna nyumba hata moja. Ukitoka mbugani nyumba ya kwanza ni ya Salu, mjane anayeishi peke yake, halafu kuna vichaka, halafu sisi.

Mwaka jana fisi walimchukua mtoto wa watu ng'ambo ya mto. Ilikuwa jioni, watu hawajalala, moto unawaka. Tangu siku hiyo nikiona jua limeinama na Joyness hajafika, mikono haishiki kitu. Kwa hiyo cheni kwangu si chuma tu. Ndiyo inayomleta nyumbani kukiwa bado kunaonekana.

15 Januari

Mvua. Amefika mapema. Hakuna cha kuandika.

17 Januari

Nimekwenda senta kwa Maganga, fundi baiskeli.

"Mwadila, mayu," akanisalimia Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila. Nataka mafuta ya cheni, ya matope."

"Matope ya wapi?"

"Ya mbuga. Kwani kuna mengine?"

Akaniambia nitafute oili ya cherehani, ile nyembamba, nitie tone kwenye kila kiungo, nizungushe pedali, halafu niifute yote kwa kitambaa mpaka nje pakauke. "Mafuta kazi yake ni ndani, mayu. Yakibaki nje yanakula udongo."

Nikamwambia mtu hatafuti mafuta ili ayafute. Akacheka. Simpendi mtu anayenicheka akiwa amekaa. Nikamwambia anijazie kidumu cha oili chafu, ile inayomwagwa kwenye pikipiki. Akajaza.

21 Januari

Oili chafu ni takataka. Siku ya kwanza cheni ilikuwa laini, siku ya pili imebeba mchanga wote wa Sapiwi yetu hii. Inasaga kama jiwe la kusagia. Leo imetoka kwenye meno mara mbili, na kila ikitoka Joyness anashuka, anapiga magoti kwenye maji, anairudisha kwa vidole, huku mgongo wake umeelekea vichaka. Ndivyo alivyonisimulia, anacheka. Mimi sikucheka. Mtu aliyeinama, fisi anamwona mdogo.

24 Januari

Tumejaribu grisi. Jilala, mwenyekiti wetu wa kitongoji, aliniletea kwenye kopo, akasema trekta linatumia hiyo hiyo. Nikamwambia trekta halipandwi na mtoto wa shule. Lakini tulipaka.

25 Januari

Grisi na udongo wa mbuga vikikutana vinakuwa sementi. Nimekwangua cheni kwa kisu asubuhi nzima. Jilala asinisogelee.

30 Januari

Tumehamia mafuta ya pamba, ya kupikia. Mvua moja tu yameondoka, na yaliyobaki yamekuwa gundi. Cheni sasa inalia kama mtoto wa nguruwe. Naisikia kuanzia kule kwa Salu, kabla sijamwona mtu. Joyness anaona aibu, wenzake wanamwita Filimbi. Mimi namwambia aache ilie. Ikilia najua anakuja.

2 Februari

Jumapili. Kanisani mchungaji ametangaza kwamba fisi wameonekana tena upande wa malisho, watoto wasichunge peke yao. Watu waliguna. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema fisi wa siku hizi si wa porini, wana wenyewe. Sikugeuka, lakini shingo iliniwasha.

Jambo hilo nalijua tangu tumboni. Kwetu fisi anayezunguka nyumba za watu anaulizwa katumwa na nani. Na anayeulizwa huwa bibi kizee, mjane, macho mekundu. Nimezika wanawake wawili niliowafahamu waliokufa kwa swali hilo. Sitaandika majina yao.

4 Februari

Leo imekatika.

Nilikaa mlangoni tangu mbuzi waliporudi. Jua likagusa vichaka. Sikusikia cheni kulia. Nikasema amechelewa kufanya usafi wa darasa. Jua likaingia. Nikachukua jembe, nikashika njia ya mbugani, na miguu yangu hii ya kuvimba. Nilikuwa natembea nasema kwa sauti, Joyness nikikukuta salama nitakuchapa. Nilisema hivyo ili nisiseme kingine.

Nikamkuta kwenye vichaka, mwisho wa mwanga, baiskeli ameibeba begani kama kuni, cheni ameivaa shingoni. Viatu alikuwa navyo mkononi.

"Mbona hukuiacha huko?" nikamwambia.

"Bibi, wangeiiba."

"Nani? Nani anatembea mbugani saa hizi?"

Akaihamishia baiskeli bega jingine. Halafu akasema taratibu, "Kuna kitu kilikuwa kinakuja nyuma yangu. Nikisimama kinasimama."

Sikumuuliza kitu gani. Nilimweka mbele, nikatembea nyuma yake, jembe begani, na nilihisi mgongo wangu wote ni jicho. Hatukukimbia. Anayekimbia ndiye anayefukuzwa.

Sikumchapa.

6 Februari

Maganga ameunga cheni. Amerudia habari ya oili ya cherehani. Nimemwambia nimemsikia.

Lakini mimi nimekumbuka kitu ambacho yeye hakijui. Marehemu mume wangu alilima kwa maksai mbuga hii hii. Kamba za ngozi za nira alizipaka mafuta ya mkia wa kondoo, na udongo haukushika, ulikuwa unateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Kamba hizo zilidumu kuliko yeye. Nina kondoo wa kuchinja, ana mkia mnene. Kama mafuta yake yalishinda udongo kwenye ngozi, kwenye chuma yatashindwaje?

8 Februari

Nimechinja, nimeyeyusha mkia. Nimempaka Joyness kidogo miguuni, na cheni nimeijaza mpaka inadondosha. Sikufuta hata tone.

11 Februari

Imeshinda. Matope yanadondoka yenyewe. Joyness anasema anapiga pedali kama anaota. Amefika jua likiwa juu, nimemtuma kisimani na akarudi bado kweupe. Nimepita kwa Maganga makusudi, nikampa salamu ndefu.

12 Februari

Amefika mapema.

13 Februari

Amefika mapema. Nimepaka tena, kwa wingi.

18 Februari

Jambo moja sikulifikiri. Cheni hailii tena. Leo nimeinua kichwa nikamkuta Joyness amesimama nyuma yangu, nikamwaga mboga. Zamani nilimsikia kutoka mbali, sasa mbuga iko kimya, na katika ukimya huo mtoto anakuja au hayuko, sijui.

21 Februari

Mvua kubwa usiku. Asubuhi nilikwenda kupalilia pamba upande wa Salu, nikaona nyayo njiani. Kucha zimetoboa tope, miguu ya mbele mikubwa kuliko ya nyuma. Fisi, na hakuwa mmoja. Zimetoka mbugani zimefuata njia yetu mpaka kwenye boma la Salu, pale nje penye kigogo chake cha kukalia, zikazunguka, zikazunguka, udongo wote umechimbika. Halafu zikarudi mbugani.

Mbuzi wa Salu walikuwa zizini, wazima wote. Fisi gani anafika kwenye mbuzi akaondoka bila kula?

Nilitoka hapo haraka kuliko nilivyoingia.

22 Februari

Nyayo tena, kwa Salu. Mpya.

24 Februari

Kisimani wanawake walikuwa wanazungumza habari za nyayo. Gloria, mke wa mwenye duka, akaniuliza, "Bibi yake Joyness, wewe unapita kule. Ni kweli fisi wanalala kwa Salu?"

Nikasema, "Kulala sijui. Ninachojua wanapafahamu kama kwao."

Wakaguna. Nikajitwisha ndoo nikaondoka. Salu sijampenda siku nyingi. Hasalimii mpaka asalimiwe, na mwaka ule wa njaa aliuza mahindi badala ya kukopesha. Macho yake ni mekundu. Nimesema nilichoona kwa macho yangu, basi.

27 Februari

Masele, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, amepita hapa na vijana wawili wenye fimbo. Hakukaa kwenye kigoda nilichompa.

"Mayu, inasemekana wewe ndiye uliyesema fisi kwa Salu ni kwao."

"Nilisema wanapafahamu."

"Ni hiyo hiyo."

"Si hiyo hiyo, Masele. Una masikio mawili, tumia yote."

Hakutabasamu. Akasema dawa ya mambo haya inajulikana, na kitongoji hakiwezi kungoja mtoto aliwe. Kijana mmoja alikuwa anachora chini kwa fimbo yake, wala haniangalii. Walipoondoka niliona mkono wangu umekamata mlango. Neno nililolisema kisimani nikiwa na ndoo kichwani limekwenda likavaa fimbo.

28 Februari

Sikula.

3 Machi

Salu amekuja. Miaka mingi hajakanyaga hapa. Alisimama uani, kanga kichwani, akasalimia yeye kwanza.

"Mwangaluka."

"Mhola. Kaa."

"Sikai. Umewaambia watu nini juu yangu?"

Nikamwambia nilivyosema, neno kwa neno. Sidanganyi mtu aliyesimama uani kwangu.

"Wanakuja kila usiku," akasema. "Nawasikia wanalamba. Hawagusi mlango, hawagusi mbuzi, wanalamba ardhi. Silali. Unadhani nawaita? Nawaita wanifanyie nini, wanilimie?"

"Kwa nini hukusema kwa mwenyekiti?"

"Nikisema fisi wanakuja kwangu kulamba ardhi, atanijibu nini?"

 Nikamwambia afunge mlango kwa gogo. Akanitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu, akaenda zake. 

7 Machi

Mvua siku nzima. Nimepaka cheni. Joyness hasemi sana siku hizi.

10 Machi

Naandika usiku huu huu.

Leo jioni nilikuwa nachambua dagaa. Mbuga kimya. Jua lilikuwa limebaki kidogo tu. Halafu nikasikia sufuria inagongwa, inagongwa kama na mwenye wazimu, upande wa Salu, na sauti ya mwanamke inapiga mwano, ule ukelele wetu ambao kila mwenye miguu lazima aukimbilie. Kati ya ukelele nikasikia sauti nyingine. Nilimlea mtoto yule tangu anatambaa, kilio chake nakijua.

Nilikimbia. Wanaume walinipita njiani na mikuki na tochi. Nilipofika walikuwa wamelizunguka boma. Salu alikuwa nje na kijinga cha moto mkono mmoja, mfuniko wa sufuria mkono mwingine, kanga imemwanguka. Mbele kidogo, kwenye giza linaloanza, macho yaling'aa, yakazimika, yakang'aa mbali zaidi. Joyness alikuwa ndani ya nyumba ya Salu, amejikunja chini ya kitanda, mzima, goti tu limechubuka.

Alinieleza akiwa bado chini ya kitanda. Fisi walimfuata kutoka katikati ya mbuga. Hawakulia wala kucheka, walikuwa wanatembea tu pembeni, watatu. Alipopiga pedali kwa nguvu gurudumu lilizama, akaanguka. Akaiacha baiskeli akakimbilia nyumba iliyokuwa karibu. Hawakumkimbiza. Salu ndiye aliyetoka na moto, akamvuta kwa mkono akamtupa ndani.

Mimi nilisikia mwanamke amemwokoa mjukuu wangu. Masele alisikia vingine. Akasema kwa sauti ya watu wote, "Mmeona wenyewe. Fisi nje, yeye katikati yao hawamgusi, na mtoto wa watu yuko ndani kwake."

Hakuna aliyejibu. Kimya kile kilinitisha kuliko yale macho. Jilala akasema mkutano utakuwa kesho kwenye ghala la pamba, na mtu yeyote asimguse Salu kabla ya hapo. Alisema "kabla ya hapo". Nililisikia neno hilo.

11 Machi

Kulipopambazuka nilikwenda na Joyness kuitafuta baiskeli. Hakutaka, nikamshika mkono. Tuliikuta mbali na pale alipoiacha, imeburutwa. Nikaikagua kama anavyokaguliwa ng'ombe mnadani. Tairi zima. Tandiko, la ngozi kabisa, halina alama ya jino. Cheni ndiyo imetolewa, imetafunwa, imekatwa, na pale pedali zinapozungukia, pote nilipodondosha mafuta, chuma kimelambwa kinang'aa kama kijiko.

Nikakaa kwenye tope.

"Joyness," nikasema, "ukitoka mbugani huwa unasimama kwa Salu?"

Akaangalia chini. "Kidogo tu, Bibi. Pale kwenye kigogo. Nakwangua matope ya cheni nisije nayo nyumbani ukanigombeza. Bibi Salu ananipa kijiti."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Kila siku amekwangua udongo uliolowa mafuta ya kondoo, ameuacha mlangoni kwa yule mwanamke. Na fisi wakafuata harufu njia nzima, wakafika kwenye sahani yao, wakalamba. Kondoo wangu, chungu changu, mkono wangu. Hapakuwa na mtumaji mwingine.

Nilichofikiri baada ya hapo nakiandika kama kilivyo. Nilifikiri nikisimama mkutanoni nikasema fisi wanaitwa na mafuta niliyoyapika mimi, mafuta ambayo waganga nao wanayatumia, watu hawatasikia cheni. Watasikia bibi kizee, mjane, mafuta, fisi. Na macho yangu mimi je? Nina kioo. Nilifikiri pia nikinyamaza, hakuna anayejua ila mtoto huyu. Nilikaa kwenye tope mpaka nguo ikapata baridi.

Halafu tukaenda ghalani, baiskeli tunaisukuma, na kipande cha cheni kwenye kanga.

Watu walijaa. Salu walimkalisha chini mbele, peke yake, na kati yake na watu palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Masele alikuwa anazungumza. Nikapita kwenye ile nafasi, nikaitupa cheni mbele yake.

"Mayu, kaa kwanza," akasema. "Hili si jambo la cheni."

"Kaa wewe. Ni jambo la cheni."

Nikaeleza. Oili chafu, grisi, mafuta ya pamba, mpaka kondoo. Nikawaonyesha meno ya fisi yalipo na yasipo. Nikawaambia kuhusu kigogo na kijiti. Maganga alikuwa amesimama nyuma, akaokota kile kipande, akakinusa, akakunja uso. "Ni kondoo," akasema. "Hata mimi ningeifuata." Wachache wakacheka.

Lakini mtu mmoja katikati, sikumwona uso, akasema, "Kwa hiyo bibi huyu ndiye anayepika dawa ya kuwaita."

Kicheko kikafa. Nikaona vichwa vinageuka kutoka kwa Salu vinakuja kwangu, polepole, kama ng'ombe wanapogeuza kichwa wote pamoja.  Joyness alinishika kanga kwa nyuma.

Nikasema, "Masele, kwako kuna nguzo ya kufungia ng'ombe, hapo mbele ya nyumba. Mafuta yamebaki chunguni. Leo jioni mwenyekiti ayapake kwenye nguzo yako, yeye mwenyewe, mimi nisiguse. Ng'ombe uwahamishe. Kesho asubuhi twende wote tukaangalie nyayo. Wakija kwako, utatuambia kama na wewe umewatuma."

"Kwangu?" akasema Masele.

"Unaogopa nini? Si umesema wana mtu wao?"

Jilala akasimama. Kisha akasema, "Tutajaribu hivyo."

"Na wasipokuja?" Masele akaniuliza, karibu, kwa sauti ndogo.

"Wasipokuja, tutakuwa wawili, mimi na Salu. Mtakaa mfanye mnavyojua."

Maneno hayo yalitoka yamenyooka. Sijui yalitoka wapi.

12 Machi

Salu amelala kwangu. Sikumwomba, nilimwamuru. Tulikula ugali. Baadaye nikamwambia, "Una macho mekundu sana wewe."

"Na wewe," akasema. "Jiko lako halina dirisha, kama langu."

Nikazima taa. Halafu akasema, "Wanaweza wasije. Wameshashiba kwenye baiskeli."

"Nyamaza ulale."

Hakuna aliyelala. Nilimsikia anavyosikiliza, naye alinisikia. Kila mbwa alipobweka nilihesabu yuko upande gani, wa Masele au wetu. Sijawahi kuomba fisi waje kwenye nyumba ya mtu. Jana niliomba, na sijui nilikuwa namwomba nani.

Kulipopambazuka tulikwenda, mimi na Salu mbele, Joyness katikati. Watu walikuwa wameshafika, wamesimama kimya. Sikuona chochote, migongo tu. Nikasema wanipishe. Wakapisha.

Nguzo ilikuwa imetafunwa mpaka imekuwa nyembamba kiunoni. Chini yake udongo umechimbwa, umelambwa, nyayo juu ya nyayo, zimetoka mbugani moja kwa moja zimepita nyumba ya Salu bila kusimama. Masele alikuwa amesimama mlangoni kwake na shuka begani. Inaonekana naye hakulala.

Maganga akamwambia, "Kamanda, wageni wako wameondoka saa ngapi?"

Watu wakacheka, cheko la kutoa pumzi. Jilala akasema mambo yamekwisha, na atapiga simu wilayani waje watu wa wanyamapori. Masele akasogea, akamwambia Salu, "Mama, tusameheane." Hakumwangalia, lakini alisema. Salu akamjibu, "Rekebisha nguzo yako."

Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta yule aliyesema kuhusu dawa. Sauti yake naikumbuka, uso wake siujui. Yuko kati yetu. Anachota maji kisima kimoja na mimi.

13 Machi

Nimemwaga mafuta yote kwenye shimo refu, nikayachoma, na chungu nikakivunja. Gloria alinisalimia kisimani vizuri sana, vizuri kupita kawaida. Nilipoinama kuchota, wanawake wawili walisogea pembeni kidogo, kama mtu anavyompisha mgonjwa. Salu alipofika wakasogea zaidi. Nyayo zimeonekana kwenye nguzo, kila mtu ameziona, na bado watu wanasogea.

Kwa hiyo naogopa bado. Mambo hayaishi kwa sababu mwenyekiti amesema yameisha.

14 Machi

Joyness, soma hapa na usiruke.

Maganga ameleta cheni nyingine na chupa ya oili ya cherehani. Osha kwanza baiskeli nzima kwa maji ya moto na sabuni, sugua mpaka harufu ya kondoo itoke hata kwenye spoki. Cheni uitie tone kila kiungo, zungusha, kisha futa nje pakauke kabisa. Mimi nitapitisha kidole, na kidole kikitoka cheusi utarudia. Chukua jembe, chimba udongo wote pale kwenye kigogo cha Salu, ubebe kwa karai, ukaufukie mbali, juu utie majivu na miiba.

Na Jumatatu ukitoka shule usipite moja kwa moja kuja huku. Ingia kwa Salu. Usikae ndani, kaa nje, mlangoni, pale ambapo njia nzima inakuona. Atakupa chakula, na kwa mchawi hakuna mtu anayekula. Nawa mikono, kula, umalize sahani, uombe ya pili, na kila anayepita umsalimie kwa sauti huku unatafuna. Utafanya hivyo kila siku mpaka pamba ivunwe. Mimi nitakuwa nimekaa hapo kabla yako, sahani iko mapajani.